Dražen Petrović: Gwiji wa vikapu aliyefariki kabla ya kupatana na rafikiye

JUMATATU ya Juni 7, 1993, mvua ikinyesha kusini mwa Ujerumani, gari dogo liligonga lori lililokuwa limeziba barabara kuu karibu na mji wa Denkendorf, jimbo la Bavaria. Wanawake wawili waliokuwamo garini walijeruhiwa vibaya lakini wakanusurika. Abiria wa tatu, mwanamume aliyekuwa amelala bila kufunga mshipi wa usalama, alifariki.

Mwanamume huyo alikuwa Dražen Petrović, mwanavikapu wa Kroatia na klabu ya New Jersey Nets ya Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 28. Wiki chache awali alikuwa ametajwa miongoni mwa wachezaji 15 bora wa msimu katika Ligi ya NBA, heshima ambayo ni nadra kupewa mchezaji kutoka Ulaya siku hizo.

Kifo hicho kilifunga kesi moja ambayo haikuwa imesikilizwa. Kwa karibu miaka mitatu, Petrović alikuwa hasemezani na Vlade Divac, Mserbia aliyekuwa akichezea Los Angeles Lakers. Wawili hao walikuwa wamelala chumba kimoja kambini, wakashinda nishani pamoja na kuhamia Marekani mwaka mmoja. Hawakuwa wamegombania fedha wala nafasi timuni. Waliachanishwa na bendera iliyochezewa uwanjani kwa sekunde chache, na baada ya bendera hiyo vikaja vita.

Mtoto wa nyumba mbili

Petrović alizaliwa Oktoba 22, 1964, katika mji wa Šibenik ulioko kando ya Bahari ya Adriatiki. Babake, Jovan, alikuwa Mserbia na afisa wa polisi. Mamake, Biserka, alikuwa Mkroatia na kazi yake ilikuwa ya ukutubi. Katika Yugoslavia ya enzi hizo, ndoa ya aina hiyo haikumshtua jirani yeyote.

Nchi hiyo, ambayo leo haipo kwenye ramani, ilikuwa muungano wa jamhuri sita: Serbia, Kroatia, Bosnia na Herzegovina, Slovenia, Makedonia na Montenegro. Kiongozi wake, Josip Broz Tito, alikuwa miongoni mwa waasisi wa Vuguvugu la Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, ambalo Kenya nayo ilijiunga nalo baada ya kupata uhuru. Tito alizishikanisha jamii za nchi yake kwa mkono wa chuma na kwa kaulimbiu ya udugu na umoja. Alifariki Mei 1980, Petrović akiwa kijana wa miaka 15 aliyekuwa ndio kwanza anaanza kuonekana katika kikosi cha wakubwa cha klabu ya mji wao, Šibenka.

Aliyemwongoza kwenye mchezo huo alikuwa kakake, Aleksandar, aliyemzidi umri kwa miaka mitano. Dražen alimfuata kila alikokwenda, na alipogundua kwamba kipaji cha kakake kilikuwa kikubwa kuliko chake wakati huo, aliamua kuziba pengo hilo kwa jasho. Alfajiri, kabla ya kengele ya shule kulia, alikuwa tayari yuko katika ukumbi wa Baldekin akirusha mpira kikapuni mara mamia. Baada ya masomo alirudi huko huko. Hakuwa na mbio za kutisha wala hakuruka juu kuliko wenzake. Alichokuwa nacho ni mkono uliozoea kikapu kiasi kwamba macho yalikuwa kama shahidi tu.

Mazoezi hayo yalizaa matunda mapema. Šibenka, klabu ya mji mdogo, ilitinga fainali ya Kombe la Korać barani Ulaya mwaka wa 1982 na tena 1983, ikashindwa mara zote mbili na Limoges ya Ufaransa. Hata hivyo, mechi iliyomtambulisha Petrović kwa nchi nzima ilikuwa ile ya kuwania ubingwa wa Yugoslavia, Aprili 1983, dhidi ya Bosna ya Sarajevo.

Muda wa mechi ulikuwa umekwisha na Šibenka wakiwa nyuma kwa pointi moja refa alipoamua kwamba Petrović alichezewa visivyo. Kijana huyo wa miaka 18 alisimama peke yake mbele ya kikapu na kutumbukiza mitupo yote miwili. Matokeo yakawa 83-82 na mji wa Šibenik haukulala usiku huo. Kesho yake, shirikisho lilibatilisha ushindi huo kwa madai kwamba marefa walikosea, likaamuru mechi irudiwe katika mji wa Novi Sad. Šibenka walikataa kwenda. Kombe likakabidhiwa Bosna. Hadi leo, wenyeji wa Šibenik huwahesabu vijana wao kuwa ndio mabingwa wa mwaka huo.

Mfalme wa Zagreb

Baada ya kulitumikia jeshi kwa mwaka mmoja, kama ilivyokuwa lazima kwa vijana wa nchi hiyo, na baada ya kujishindia nishani ya shaba katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka wa 1984, Petrović alijiunga na Cibona ya Zagreb. Huko alimkuta kakake Aleksandar, na ndugu hao wawili wakawa uti wa mgongo wa klabu hiyo.

Msimu wake wa kwanza tu, Cibona walitwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya kwa kuwapiku Real Madrid 87-78 jijini Athens, Petrović akifunga pointi 36. Mwaka uliofuata walilihifadhi kombe hilo jijini Budapest kwa kuwalaza Žalgiris Kaunas 94-82, katika mechi ambayo jitu la Žalgiris, Arvydas Sabonis, lilifukuzwa uwanjani kwa kumpiga ngumi mchezaji wa Cibona. Mnamo Oktoba 1985, Petrović alifunga pointi 112 katika mechi moja ya ligi dhidi ya Olimpija ya Ljubljana. Ni kweli kwamba wapinzani hao walikuwa wamelazimika kuchezesha chipukizi siku hiyo, lakini hata dhidi ya watoto, pointi 112 ni kazi ya dakika 40 bila kuchoka wala kuridhika.

Waandishi wa Ulaya walimpachika jina la Mozart wa mpira wa vikapu. Nje ya Zagreb, majina aliyoitwa na mashabiki hayakuwa mazuri hivyo. Petrović wa miaka hiyo alikuwa na kiburi cha ujana. Alipofunga alirusha ngumi hewani, akawacheka walinzi aliowapiga chenga na kuwachokoza watazamaji wa ugenini hadi wakatamani kuingia uwanjani. Wapinzani walimchukia kwa moyo wote, na wengi wao walikiri baadaye kwamba walimchukia kwa kuwa hawakujua namna ya kumzuia.

Mwaka wa 1988 alihamia Real Madrid. Alikaa huko msimu mmoja pekee, ukatosha. Katika fainali ya Kombe la Washindi barani Ulaya ya 1989, iliyochezwa Athens, Real waliwashinda Caserta ya Italia 117-113, na pointi 62 kati ya hizo zilikuwa za Petrović.

Chumba kimoja kambini

Vlade Divac alizaliwa mwaka wa 1968 katika mji wa Prijepolje nchini Serbia. Alikuwa kijana mrefu wa zaidi ya futi saba, mcheshi, mvutaji sigara, mtu asiyependa kujitesa kwa mazoezi. Petrović alikuwa kinyume chake katika kila jambo. Pengine ndiyo sababu walielewana. Katika kambi za timu ya taifa ya Yugoslavia walilala chumba kimoja, na Divac, aliyekuwa mdogo kwa zaidi ya miaka mitatu, alimchukulia Petrović kama kaka.

Udugu huo ulipitia mtihani mapema. Katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la 1986 nchini Uhispania, Yugoslavia iliongoza Muungano wa Kisovieti kwa pointi tisa dakika moja hivi kabla ya kipenga cha mwisho. Wasovieti walijibu kwa mitupo ya pointi tatu mfululizo, na katika purukushani hiyo Divac, aliyekuwa na umri wa miaka 18, alidunda mpira kinyume cha kanuni na kuupoteza. Mechi iliingia muda wa ziada na Yugoslavia ikashindwa 91-90. Petrović alitawazwa mchezaji bora wa mashindano hayo, lakini nishani aliyorudi nayo nyumbani ilikuwa ya shaba. Kosa hilo halikuwatenganisha. Kikosi kilishikamana, na kufikia Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988 kilikuwa na nishani ya fedha. Mwaka wa 1989, Petrović, Divac, Toni Kukoč, Dino Rađa, Žarko Paspalj na wenzao walitwaa ubingwa wa Ulaya kwa kuilaza Ugiriki 98-77. Fainali hiyo ilichezwa Zagreb, na Wakroatia waliojaa ukumbini waliwashangilia Waserbia wa timu hiyo kama watoto wao.

Baadaye mwaka huo, marafiki hao wawili walivuka bahari. Klabu ya Portland Trail Blazers ilikuwa imemchagua Petrović tangu 1986, akiwa wa 60 katika orodha ya wachezaji wapya wa mwaka huo. Divac alichaguliwa na Lakers mwaka wa 1989. Wakati huo, Wamarekani wengi waliamini kwamba mchezaji wa Ulaya ni laini, hajui kukaba na hawezi kustahimili kishindo cha ligi yao.

Divac alipata nafasi haraka kando ya Magic Johnson. Petrović hakuwa na bahati hiyo. Portland ilikuwa na Clyde Drexler na Terry Porter katika nafasi zake, na mtu aliyezoea kucheza kila dakika alijikuta akipewa takriban dakika 12 kwa mechi. Timu yake ilitinga fainali ya NBA ya 1990 na kushindwa na Detroit Pistons kwa mechi nne kwa moja, lakini yeye aliitazama sehemu kubwa ya safari hiyo akiwa ameketi. Katika miezi hiyo ya unyonge, simu ndiyo iliyomwokoa. Yeye na Divac walizungumza karibu kila siku, katika lugha ambayo siku hizo ilikuwa bado inaitwa moja, mmoja akimtia mwenzake moyo asikate tamaa na kurudi Ulaya.

Bendera ya Buenos Aires

Huko nyumbani, Yugoslavia ilikuwa inapasuka. Uchaguzi wa vyama vingi wa 1990 uliwaleta madarakani nchini Kroatia viongozi waliotaka kujitenga. Mei 13 mwaka huo, mechi ya soka kati ya Dinamo Zagreb na Red Star ya Belgrade iligeuka vita vya mashabiki. Agosti, Waserbia wanaoishi Kroatia walifunga barabara kwa magogo katika eneo la Knin, mwendo mfupi tu kutoka Šibenik.

Katika Agosti hiyo hiyo, timu ya Yugoslavia ilikuwa Argentina ikiwania Kombe la Dunia, Mkroatia na Mserbia wakipeana pasi kana kwamba hakuna lililotokea. Katika fainali jijini Buenos Aires waliwabwaga Wasovieti 92-75. Wachezaji wakiwa katikati ya shangwe, mashabiki waliingia uwanjani. Mmoja wao alibeba bendera ya Kroatia. Divac alimwendea, akampokonya bendera hiyo na kuiondoa.

Tukio lenyewe lilichukua sekunde chache. Divac ameeleza mara nyingi kwamba timu iliyoshinda ilikuwa ya Yugoslavia, kwamba bendera ya jamhuri moja haikuwa na nafasi pale, na kwamba angefanya vivyo hivyo iwapo ingekuwa ya Serbia. Lakini katika nchi iliyojaa petroli, hakuna aliyeuliza nia ya mwenye kiberiti. Magazeti ya Serbia yalimfanya Divac shujaa. Nchini Kroatia aligeuzwa adui wa taifa. Kijana wa miaka 22 aliyetaka tu kusherehekea ubingwa alijikuta amepewa vazi la kisiasa ambalo hakuliomba, na kila upande ukalishona upya ulivyotaka.

Petrović alirudi Marekani akiwa amebadilika. Simu zikakoma. Timu zao zilipokutana, salamu ilikuwa fupi kama ya watu wasiojuana. Divac alijaribu kumkaribia na kueleza, akidhani hasira ingepoa. Haikupoa, na kabla ya mwaka kwisha mambo yaliyokuwa yakitokea nyumbani yalikuwa makubwa kuliko bendera.

Juni 25, 1991, Kroatia na Slovenia zilijitangazia uhuru. Wakati huo timu ya Yugoslavia ilikuwa Roma ikitetea ubingwa wa Ulaya, Petrović akiwa hayumo kikosini. Jurij Zdovc, Mslovenia, aliagizwa na serikali ya jamhuri yake aondoke kambini katikati ya mashindano. Wenzake walitwaa kombe hilo bila yeye, na hilo likawa taji la mwisho la kikosi kilichochanganya jamhuri zote.

Mnamo Septemba 1991, vita vilifika Šibenik. Mji aliozaliwa Petrović ulishambuliwa kwa makombora, na moja lilitoboa kuba la kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo, jengo lililokuwa limesimama kwa zaidi ya miaka 400. Mtoto wa baba Mserbia na mama Mkroatia sasa alitakiwa, kama maelfu ya wengine waliozaliwa katika nyumba mchanganyiko, kuchagua upande mmoja wa damu yake. Petrović alichagua Kroatia bila kusita. Alizungumzia mateso ya watu wake kila alipopewa kipaza sauti nchini Marekani. Kwa mtu aliyekuwa akisubiri habari za nyumbani kila usiku, kuonekana akicheka na Mserbia mashuhuri kuliko wote Marekani lilikuwa jambo zito. Huo ndio ukweli ambao wanaomlaumu kwa ukaidi husahau kuupima.

Jibu la New Jersey

Januari 1991, Portland walikuwa wamemwachilia Petrović kwenda New Jersey Nets, mojawapo ya klabu dhaifu za ligi wakati huo. Kwa wengine uhamisho kama huo ungekuwa kaburi. Kwake ulikuwa ukumbi wa Baldekin kwa mara ya pili. Alijenga misuli ili astahimili walinzi wa Marekani, akabaki uwanjani wenzake walipokwenda kuoga, na kuzoea kufika mazoezini kabla ya taa kuwashwa.

Msimu wa 1991-92 alicheza mechi zote 82 na kufunga wastani wa pointi 20.6. Nets walifuzu kwa mechi za mchujo kwa mara ya kwanza tangu 1986. Msimu uliofuata wastani wake ulipanda hadi pointi 22.3, huku karibu mitupo 45 kati ya kila 100 aliyorusha kutoka mstari wa pointi tatu ikiingia kikapuni. Kiburi cha Zagreb kilikuwa kimegeuka ukali dhidi ya nafsi yake mwenyewe. Jambo lililomuuma ni kutoitwa katika Mechi ya Nyota Wote ya 1993, ingawa takwimu zake zilistahili.

Kati ya misimu hiyo miwili kulikuwa na Olimpiki ya Barcelona. Kroatia, iliyokubaliwa na Umoja wa Mataifa Mei 1992, ilishiriki Olimpiki ya kiangazi kwa mara ya kwanza kama nchi huru, Petrović akiwa nahodha wa kikosi cha vikapu. Katika nusu fainali dhidi ya timu ya pamoja ya jamhuri zilizokuwa Muungano wa Kisovieti, alisimama tena kwenye mstari wa mitupo huru mechi ikielekea ukingoni, kama alivyofanya akiwa na miaka 18, na Kroatia ikashinda 75-74.

Katika fainali waliwangoja Michael Jordan, Magic Johnson, Larry Bird na wenzao wa kikosi maarufu cha Marekani. Kroatia ilithubutu hata kuongoza kwa muda mfupi, 25-23, kabla ya kulemewa 117-85. Petrović alifunga pointi 24. Mkufunzi wa Wamarekani hao, Chuck Daly, alikwenda kuinoa Nets miezi michache baadaye, na hivyo akapata kumfunza mtu aliyemwona akikataa kunywea mbele ya Jordan.

Divac hakuwa Barcelona. Yugoslavia iliyobaki, yaani Serbia na Montenegro, ilikuwa imewekewa vikwazo na Umoja wa Mataifa na timu zake zilizuiwa kushiriki. Hivyo, nishani ya fedha ambayo labda wangeigeuza dhahabu wakiwa pamoja ilivaliwa na upande mmoja tu, mwingine ukitazama kwenye televisheni.

Safari ya mwisho

Mwanzoni mwa Juni 1993, Petrović aliiwakilisha Kroatia katika mechi za kufuzu kwa mashindano ya Ulaya mjini Wrocław, Poland. Mkataba wake na Nets ulikuwa umefika mwisho na hakuwa ameamua kama angebaki Marekani au kurudi Ulaya. Timu ilipofika Frankfurt ikisubiri ndege ya kuelekea Zagreb, aliamua kuachana na wenzake na kuendelea na safari kwa gari. Saa chache baadaye, wenzake wakiwa wamefika nyumbani salama, habari za Denkendorf zikawafikia.

Alizikwa katika makaburi ya Mirogoj jijini Zagreb, umati wa watu ukimsindikiza katika nchi ambayo tayari ilikuwa imechoka kuzika vijana. Divac hakuwapo. Kwa Mserbia mwenye jina lake, safari ya Zagreb wakati huo haikuwezekana.

Heshima zilifuata moja baada ya nyingine. Ukumbi wa Cibona ulipewa jina lake. Novemba 1993, Nets walistaafisha jezi yake nambari 3. Sanamu yake iliwekwa nje ya Makavazi ya Olimpiki mjini Lausanne, Uswisi, mwaka wa 1995. Goran Ivanišević aliposhinda Wimbledon mwaka wa 2001 na kurudi Split kushangiliwa, alivaa jezi ya Petrović. Mnamo 2002, jina lake liliingizwa katika Jumba la Magwiji wa Mpira wa Vikapu nchini Marekani, na miaka minne baadaye makavazi yake yakafunguliwa Zagreb.

Lakini ukumbusho wake mkubwa unaonekana viwanjani. Leo hakuna mkufunzi wa NBA anayeuliza iwapo Mzungu wa Ulaya anaweza kucheza. Dirk Nowitzki wa Ujerumani, Luka Dončić wa Slovenia na Nikola Jokić wa Serbia, aliyetawazwa mchezaji bora wa ligi mwaka wa 2021, 2022 na 2024, wote wamepita katika mlango ambao Petrović aliusukuma kwa bega akitokea benchi la Portland.

Mwaka wa 2010, runinga ya ESPN ya Marekani ilitoa filamu ya matukio ya kweli iitwayo Once Brothers, iliyoongozwa na Michael Tolajian. Msimulizi wake ni Divac mwenyewe. Filamu hiyo imewafunza wengi, waliozaliwa baada ya vita, kisa hiki chote. Ndani yake, Divac anarudi Zagreb baada ya takriban miongo miwili. Anatembea barabarani na watu wanamkodolea macho, wengine wakimnong'ona. Anapokewa nyumbani na Biserka na Aleksandar, mama na kaka wa aliyekuwa rafiki yake, na wanazungumza kama watu waliopoteza mtu mmoja. Kisha anakwenda Mirogoj na kuweka juu ya kaburi picha ya zamani ya vijana wawili waliokuwa pamoja.

Katika simulizi yake, Divac anakiri kwamba aliamini siku zote muda ungekuwapo, kwamba vita vingekwisha na wangeketi na kumaliza yao. Alikosea kwa hesabu ya miaka miwili. Mapigano nchini Kroatia yalimalizika mwaka wa 1995, yakiwa yameua takriban watu 20,000, na yale ya Bosnia yakafikia kikomo mwaka huo huo yakiwa yameua karibu 100,000. Petrović angekuwa na umri wa miaka 31 tu. Divac aliendelea kucheza katika ligi hiyo hiyo hadi 2005, miaka kumi ya amani ambamo wangeweza kupeana mkono baada ya mechi yoyote.